Nusu ya Lishe ya Juzi

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza na mimi nimeanza kazi, siku moja. Mama mkwe anasema ni baraka. Baraka yenyewe imenijaza maji viatuni, nikaambiwa nivivue mlangoni mwa maabara, nikazunguka siku nzima na ndara za plastiki, zote mbili za mguu wa kushoto.

Nimeajiriwa kuwa mikono ya pili. Mikono ya kwanza ni ya wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye yuko humu tangu mimi niko shule ya msingi. Wifi amegundua jambo, na makala yake haitapokelewa mpaka mtu mwingine alirudie jambo hilo peke yake, kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa tu, bila kuonyeshwa. Nikilipata kabla mvua hazijakatika, yeye atapewa kikundi chake cha utafiti akiongoze, na mimi nitapewa mkataba wa kudumu. Nisipolipata, yeye anabaki kuandaa sahani za utafiti wa wenzake na mimi narudi kuuza dawa za kikohozi dukani.

Mkuu wetu ni profesa mmoja mwembamba. Wanamwita Bado, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila kitu.

"Umeshaziona seli?" akaniuliza.

"Bado," nikasema. Chumba kizima kikaangua kicheko, na yeye peke yake hakujua kwa nini.

Jumanne, 4 Machi
Mume wangu ameniuliza wakati wa chai ninafanya nini hasa huko, nikamjibu ovyo. Niandike hapa vizuri, nijue kama ninaelewa.

Seli ya neva ikishakomaa haigawanyiki tena. Inakaa ilipo, inatoa matawi, inapelekeana habari na wenzake. Ikiwa changa inagawanyika: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Zinazoiambia lini iendelee na lini iache ni protini. Moja inakuja kutoka nje na kushika kipokezi kwenye utando wa seli. Kipokezi kinaiamsha protini ya ndani, hiyo inaiamsha ya pili, ya pili inaiamsha ya tatu, mpaka habari inafika kwenye kiini, na huko ndiko uamuzi unakopitishwa. Kuna watoto wanaopata uvimbe wa neva, na ugonjwa wao ndio huo: seli zimebaki changa na hazisikii neno "acha."

Wifi amepata protini ambayo ukiidondosha kwenye sahani ya seli za uvimbe huo, zinaacha kugawanyika na kuanza kutoa matawi. Jina lake ni herufi na tarakimu. Humu tunaiita Breki. Makala ya wifi inasema kwa ufupi kwamba Breki peke yake inatosha.

Mume wangu alipoyasikia haya yote akasema, "Kumbe unalea ubongo kwenye kisosi." Mama mkwe akauliza kama huo ubongo unasikia tukiusema.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepanda sahani zangu za kwanza. Seli ni za duara, zinang'aa, zimetulia. Kila baada ya siku mbili natakiwa kuwabadilishia lishe, yale maji ya rangi ya waridi zinamoishi, na kutia Breki mpya. (Nimeandika "kuwabadilishia," kama watu. Wiki moja tu na nimeshakuwa kama wifi.)

Jumatano, 12 Machi
Zinagawanyika.

Alhamisi, 13 Machi
Zinagawanyika. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi
Zimegawanyika mpaka zimejaa sahani nzima, zimebanana, hakuna hata moja yenye tawi. Nimezimwaga. Wifi alikuja na kikombe chake, akasimama nje ya mlango maana haruhusiwi kunifundisha.

"Sahani za kwanza ni za kuzoeza mkono, wifi," akasema. "Mimi zangu za kwanza nilizidondosha chini. Usijipe presha."

Nilimpenda sana saa hiyo. Kusema kweli nilipoolewa nilimwogopa. Yule ni mtu wa kukagua sufuria uliyoiosha kwa kuipitisha kidole.

Jumatano, 26 Machi
Sahani za pili. Zinagawanyika.

Umeme ulikatika jana mchana kwa radi na jenereta likachelewa kuwaka, kabati la joto zinamokaa sahani likapoa. Nimemwambia Bado kwamba sababu ni hiyo. Akauliza kama sahani za wifi, zilizoko kwenye kabati lile lile, nazo zimeharibika. Nikaenda kuzitazama kwa darubini. Zimetulia, kila seli ina matawi marefu membamba, yanafikiana. Nzuri mno. Nilitamani nizione mbovu na nikajionea haya.

Jumanne, 1 Aprili
Zinagawanyika. Leo ni siku ya watu kudanganyana na ningependa mtu aniambie kwamba nimedanganywa.

Ijumaa, 4 Aprili
Nimeishuku Breki yangu, kwamba imeganda na kuyeyuka mara nyingi ikaisha nguvu. Nimeomba ya wifi, kutoka kichupa chake mwenyewe. Akanipa, ila safari hii hakusema "usijipe presha."

Jumatano, 9 Aprili
Zinagawanyika, kwa Breki ile ile inayozituliza zake.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimeishuku lishe, nikatumia chupa yake. Nimeshuku maji, glavu, hata sabuni ninayonawia. Natwanga maji kwenye kinu. Kwenye chumba cha chai mtu mmoja amesema kuna mikono ambayo seli haziipendi, kama kuna watu ambao maua hayaoti kwao. Walicheka. Na mimi nilicheka, kisha nikaenda chooni nikaitazama mikono yangu.

Nyumbani mama mkwe ameniwekea chakula akasema, "Kula, mwanangu. Hivyo visosi vitakumaliza." Mume wangu akasema, tena bila ubaya wowote, "Kwani nani ataona? Andika tu zimeacha. Dada ameshalipata, si ni kweli tayari?"

Nilimtazama mpaka akashusha macho kwenye sahani yake.

Jumatatu, 14 Aprili
Bado ameniita. Kaniuliza kama maelezo yana sentensi yoyote nisiyoielewa. Nikasema hapana. "Basi bado," akasema, na kugeukia dirisha linalovuja. Ana ndoo chini yake.

Jumanne, 22 Aprili
Wifi amelala na mafua makali, na mwenye mafua haruhusiwi chumba cha seli. Sauti yake kwenye simu ilikuwa kama ya mzee wa miaka tisini: "Wifi, sahani zangu zile za kuonyesha wageni. Nilishie. Fanya kama unavyofanya zako, usibadilishe kitu."

Nimezilisha. Niliondoa barakoa mwishoni nikakuta jasho juu ya mdomo. Ni kama kumbeba mtoto wa mwenzio akiwa mchanga.

Alhamisi, 24 Aprili
Nimezilisha tena. Matawi yanaonekana mafupi, au ni macho yangu.

Jumatatu, 28 Aprili
Leo nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Wifi amerudi asubuhi, pua nyekundu, shali shingoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye darubini hata kabla hajanisalimia. Nilikuwa nyuma yake nikiosha chupa. Nikaona mgongo wake umekakamaa.

"Umezifanya nini?"

"Nimezilisha."

"Nimekuuliza umezifanya nini!"

Akanisogeza kwa bega nitazame. Matawi yalikuwa yamenywea karibu yote, na pembeni seli zilikuwa mbili mbili, mviringo, zimegandana, ndiyo kwanza zimeachana. Zilikuwa zimerudia kugawanyika. Sahani zote nne. Zile zilizokuwa zimetulia kwa miezi.

"Nimefanya kama ninavyofanya zangu," nikasema.

"Ndiyo! Kama zako!" Sauti ilipanda mpaka watu wa chumba cha pili wakanyamaza. "Mimi ndiye niliyekuombea kazi hii. Nilimwambia Profesa, huyu ni mke wa mdogo wangu, ana mkono mwepesi. Mkono gani huu? Unagusa kitu kinaharibika!"

Kwetu dada wa mume hajibiwi akiwa amekasirika. Nilikwenda kwenye chumba cha viatu nikakaa juu ya benchi, mvua inapiga bati mpaka huwezi kusikia pumzi yako. Nililia kidogo, niseme ukweli. Nilipomaliza kulia nikabaki na jambo moja kichwani, linauma lakini ni safi: kama zake zimeharibika mikononi mwangu, basi si Breki, si lishe, si umeme. Ni kitu ambacho mikono yangu inafanya na yake haifanyi. Au yake inafanya na yangu haifanyi. Na kitu kinachofanywa kinaweza kuonekana.

Nikarudi. Nikamwambia Bado mbele ya wifi kwamba mimi jaribio la kurudia nimeshindwa, kwa hiyo sharti la kutoonyeshwa limekwisha. Naomba nimtazame wifi akilisha sahani, mikono yangu ikiwa mfukoni. Wifi akasema, "Hata ukitazama utaona nini?" Bado akasema nitazame.

Jumatano, 30 Aprili
Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya kabati la hewa safi. Wifi alikuwa amepanda seli mpya na ndiyo siku ya kubadilisha lishe. Spiriti kwenye glavu, kifuniko kinafunguliwa kwa kidole cha mwisho, bomba la kuvutia lishe linaingia ukingoni bila kugusa chini. Hayo yote nafanya. Akavuta lishe ya zamani, akaacha kuvuta, akaitia lishe mpya.

Lishe ya zamani ilikuwa bado imo. Nusu ya sahani.

Nikadhani amekosea. Sahani ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Huku ananisimulia habari za mafua yake, wala haangalii mkono unafanya nini.

Mimi namwaga yote mpaka tone la mwisho. Maelezo yanasema badilisha lishe, na mimi ni mtu wa kusafisha kitu kikasafika.

Ijumaa, 2 Mei
Nimeanza majaribio yangu. Kundi la kwanza, Breki na lishe mpya tupu. La pili, Breki na nusu ya lishe ya juzi, yaani masalio. La tatu, masalio bila Breki. La nne, Breki na masalio ambayo nimeyachemsha kwanza. Protini ikichemshwa hujikunja ovyo ikapoteza kazi yake, kama ute wa yai ukiingia kwenye maji ya moto. Nikiwa na bahati, kundi la nne litaniambia kilichomo ni nini.

Wifi hanisemeshi zaidi ya salamu. Mume wangu amekuwa mtu wa kupeleka salamu kati ya wanawake wawili.

Jumatano, 7 Mei
Mvua. Nasubiri.

Jumatatu, 12 Mei
La kwanza zinagawanyika, polepole kidogo lakini zinagawanyika. La tatu zinagawanyika kama kawaida. La nne sawa na la kwanza.

La pili zimeacha. Kila seli ina matawi.

Mikono yangu haina ubaya wowote. Nimeinua mikono juu kama mchezaji aliyefunga bao, nikiwa peke yangu, na glavu.

Jumanne, 13 Mei
Furaha imedumu siku moja. Seli zenyewe zinatoa kitu kwenye lishe, protini ambayo hatuijui, na Breki bila hiyo haifiki popote. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nilikuwa naimwaga kila baada ya siku mbili. Wifi alikuwa anaibakisha miaka yote bila kujua. Kwa hiyo makala si kweli.

Lakini ninaweza kubakisha nusu kuanzia kesho, nikapata kile alichopata, nikasaini. Makala inapita. Wifi anapata kikundi chake, mimi mkataba wangu, mama mkwe anapata binti zake wawili wanaosemezana. Mume wangu nilimweleza jikoni.

"Sasa uongo uko wapi?" akasema. "Si umefanya kama alivyofanya?"

"Uko kwenye maneno 'peke yake.'"

"Maneno mawili."

Ndiyo, mawili. Na mahali fulani daktari atayasoma maneno mawili hayo, ajaribu Breki peke yake kwa mtoto wa mtu, asubiri seli ziache.

Alhamisi, 15 Mei
Sijamwambia.

Ijumaa, 16 Mei
Sijamwambia. Leo amenisemesha, ameniuliza kama viatu vyangu havijapasuka. Imeniwia vigumu zaidi kumwambia.

Jumatatu, 19 Mei
Nimemwambia. Ilikuwa kwenye chumba cha viatu, sote tumeinama tukivaa viatu.

"Wifi, huwa unabakisha."

"Nabakisha nini?"

"Lishe ya juzi. Nusu."

"Ah, hiyo." Akaendelea na kamba. "Ukimwaga yote zinashtuka. Alinifundisha fundi wa kwanza wa humu, marehemu. Kwani wewe hubakishi?"

"Namwaga yote. Maelezo yanasema badilisha."

Akainuka polepole. Niliona jinsi wazo linavyomjia usoni, na sehemu iliyomjia kwanza ilikuwa ile nzuri. "Basi ndiyo hiyo! Bakisha, wifi! Utalipata!"

"Nimeshabakisha. Nimelipata."

Akanikumbatia, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alikuwa ananuka spiriti na dawa ya kikohozi. Nilitamani niishie hapo, Mungu anajua. Nikasema begani kwake, "Lakini bila masalio haziachi. Breki peke yake haitoshi. Nimechemsha masalio, nguvu ikapotea. Ni protini nyingine, wifi. Ya seli zenyewe."

Mikono yake ikaniachia. Alikaa.

"Unajua nimeingojea makala hii tangu lini?"

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa unajifunza kusoma." Hakupaza sauti, bora angepaza. "Walikuja hapa watoto niliowafundisha kushika bomba, leo wana vikundi vyao, wana majina mlangoni. Mimi nikawaandalia sahani. Umesaini?"

"Bado."

"Basi saini, au usisaini. Lakini usiniletee mimi."

Akaondoka. Alivua kiatu cha mguuni, akazoa viwili kwapani bila kutazama, akatoka na ndara mvuani, kimoja chake kikabaki.

Jumapili, 25 Mei
Wifi hakuja kwa chakula cha mchana. Mama mkwe ameondoa sahani yake mezani, akairudisha, akaiondoa tena.

"Mmegombea nini?" akaniuliza. "Seli?"

"Ndiyo, mama."

"Watu wanagombea shamba, wanagombea mume. Nyinyi seli." Lakini hakucheka.

Jumatatu, 26 Mei
Mvua inapungua. Sijasaini.

Jumanne, 27 Mei
Nimefika asubuhi nikamkuta wifi ameshavaa glavu, amekaa mbele ya kabati la hewa safi, sahani imefunguliwa, bomba liko hewani.

"Njoo ukae hapa," akasema bila kugeuka. "Nataka kumwaga lishe yote na mkono unagoma. Unafika nusu unasimama wenyewe. Tazama."

Nikatazama. Kweli ulisimama.

"Nimwage mimi?"

"Hapana. Ukimwaga wewe nitasema ni mkono wako. Nihesabie tu, kama tunavyomhesabia mtoto dawa."

Nikamhesabia. Alipofika tatu akavuta yote, sahani ikabaki na unyevu tu, akatia lishe mpya na Breki. Tulifanya hivyo nusu ya sahani zake. Nusu nyingine akazilisha kwa desturi yake.

Alhamisi, 29 Mei
Tumelisha tena. Safari hii sikuhesabu.

Jumatatu, 2 Juni
Jua limetoka. Ndoo ya Bado iko kavu.

Wifi alikataa nitazame kwanza. Akaweka sahani chini ya darubini, akarekebisha, akatulia. Alikaa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitazama ule mgongo.

"Zinagawanyika," akasema.

Neno hilo nimeliandika msimu mzima. Sikuwahi kulisikia likitoka kwa mtu mwingine, na niliumia kuliko siku zote lilipokuwa langu.

Alivua glavu, akazikunja, akapiga mlango wa Bado. Hakuufunga, kwa hiyo nilisikia. Alimwambia makala isitumwe. Bado akauliza kama ana hakika. Akasema, "Nimemwaga kwa mikono yangu mwenyewe." Bado akasema kikundi hawezi kumpa tena mwaka huu. Wifi akasema anajua. Bado akauliza nani aligundua. Wifi akasema, "Mke wa mdogo wangu. Mwenye mkono mwepesi."

Mimi nimeongezewa msimu mmoja, wa kuitafuta protini ya kwenye masalio. Mkataba wa kudumu, bado. Tutafanya kazi wawili, kigoda changu pembeni ya kiti chake.

Jumapili, 8 Juni
Wifi amekuja kula. Amekuja na kiatu changu cha kulia, kile alichozoa siku ile akidhani ni chake, na mimi nimekaa na chake tangu hapo. Tumebadilishana mezani, mama mkwe akapiga kelele.

Wifi akamweleza mwenyewe, taratibu, mbele yetu wote. Mume wangu hakuinua uso. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hiyo dawa si yako?"

"Nusu, mama. Nusu ni yangu. Nusu seli zilikuwa nayo zenyewe."

"Nusu si haba," mama mkwe akasema, akamtilia chakula.

Wifi akacheka, halafu kicheko kikageuka akalia, pale pale, kijiko mkononi. Nikasogeza kiti changu karibu na chake, nikakaa.